Shea ya Meri

Warigia aliporudi kutoka shambani saa nane mchana, kikapu cha kahawa mgongoni, alikuta mawe hayapo.

Hayakuwa mawe ya kuokota. Yalikuwa mawe ya kuchonga, yaliyonunuliwa kwa pesa za maziwa, kumi leo, kumi na tano mwezi ujao, yakapangwa kando ya lango kwa miaka sita yakingoja kuwa nyumba. Yalikuwa yameota kuvu. Kuku walitagia katikati yake, na kila mpita njia wa Tetu aliyekosa la kusema alisema, "Na hii nyumba itaanza lini?" Sasa palibaki nyasi nyeupe zilizokosa jua, alama za magurudumu ya lori, na kuku waliokuwa wakidonoa wadudu kwa furaha.

Mumewe, Kingori, alikuwa ameketi mbele ya nyumba yao ya mbao akiwa amevaa koti la kanisani. Ilikuwa Jumanne. Koti lile lilimtia Warigia hofu kuliko hata mawe yenyewe.

"Baba Wacera," alisema kabla ya kutua kikapu. "Mawe iko wapi?"

"Nimeuza."

"Na tutajenga na nini?"

"Kuna kitu ingine nimenunua." Kingori alipiga mfuko wa koti kwa kiganja. "Nimenunua shea ya meri."

Hapa lazima niseme jambo, kwa faida ya wasiokuwa wa kwetu. Ulimi wa mlimani haukubali herufi ile wanayoitumia watu wa pwani. Sisi meli tunaiita meri, na hatuoni aibu. Lakini Mariamu wa ubatizo naye, akishapita mikononi mwetu, huwa Meri. Na mwaka ule wa sabini na saba, Tetu nzima ilikuwa na Meri mmoja tu aliyejulikana na wote: mjane aliyeuza supu ya kichwa cha mbuzi sokoni, mcheshi, mnene kidogo, ambaye wazee wa kanisa walimtazama kwa kupitia chini ya ukingo wa kofia.

Warigia alitua kikapu polepole, akaketi juu yake, kahawa na yote.

"Shea," alisema. "Mko wangapi?"

"Watu hamsini na wawili. Kila mtu iko na wiki yake. Mimi nimepewa wiki ya thelathini na mbili, na chumba."

"Na chumba."

"Chumba mia mbili na kumi na nne."

Jirani yao Watiri, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alikuwa amefika kwenye ua. Alisikia hayo, akageuka, akaenda zake bila chumvi.

Laiti angengoja dakika moja zaidi. Maana Kingori, alipouona uso wa mkewe, alitoa mfukoni karatasi yenye picha, na katika picha ile palikuwa na meli nyeupe ndefu kama soko la Karatina, ikielea juu ya maji ya buluu. Warigia aliitazama mpaka akaelewa. Alishusha pumzi. Kisha hasira ikampanda upya, tena kubwa zaidi, kwa sababu mwanamke angejua la kumfanya, lakini meli utaifanya nini.

Alilia siku hiyo, na sitamfichia. Alikuwa amepika katika moshi wa nyumba ile ya mbao tangu mwaka wa harusi yake, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi miaka ishirini na minane, na kitu pekee alichokuwa amemwomba Kingori maishani kilikuwa nyumba ya mawe yenye dirisha.

Mwaka ule, mnaokumbuka mtakumbuka, kahawa ilipanda bei mpaka watu wakadhani Mungu amehamia Nyeri. Sosaiti ya wakulima ililipa vizuri hata wazee waliokuwa hawajawahi kuvaa soksi wakanunua soksi. Redio zililia kila boma. Wanaume waliingia mjini asubuhi wakarudi na miavuli ilhali mvua haikuwapo. Ilikuwa raha, na ninapoikumbuka hata sasa nasikia harufu ya nguo mpya na mafuta ya nywele. Lakini pesa zikiingia mahali, nzi hawakosi.

Huyu wetu aliitwa Mutahi. Alikuja na suti ya kijivu, akakodi chumba cha ofisi juu ya duka moja mjini Nyeri, akaandika mlangoni kwamba yeye ni wakala wa mapumziko ya baharini. Alieleza kwamba Wazungu wamechoka kununua meli nzima. Siku hizi mtu hununua chumba, tena si chumba cha mwaka mzima, bali wiki yake moja, na wiki hiyo ni yake mpaka kufa, na akifa ni ya watoto wake. Alitumia neno shea. Hapo ndipo alipotupata. Kila mtu wa mlimani alikuwa na shea mahali, katika kampuni ya kununua shamba, na kila mtu alijua mwisho wa shea ni nini: siku moja mnaitwa, mnachota namba kwenye kofia, unaenda kuonyeshwa ploti yako.

Kingori alitoa malipo yake yote ya kahawa. Yalipopungua kidogo, akakumbuka mawe.

Habari ya Watiri ilitangulia. Siku ya kupeleka kahawa kiwandani, Warigia aliingia katika foleni ya mizani, na maongezi yakakatika mbele na nyuma yake. Mwanamke mmoja alimpisha mbele, kwa upole ule wanaopewa waliofiwa. Mwingine alimshika mkono akamwambia wanaume wote ni hivyo, lakini watu hamsini na wawili ni wengi. Karani wa mizani, kijana wa juzi, alimwuliza kama ni kweli mzee aliuza mawe kwa ajili ya Meri. Warigia aliwaambia ni meri ya baharini. Walitikisa vichwa kwa huruma. Nani atauza mawe yake kwa ajili ya kitu kilicho baharini?

Meri wa supu naye aliona wateja wakiongezeka, kila mmoja akimtazama kwa namna mpya, na hakujua kwa nini.

Jumapili ya pili wazee wa kanisa walimwita Kingori, ambaye alikuwa mwenzao. Mchungaji alifunga mlango wa ofisi. Alianza kwa maombi marefu, akayapitisha kwa Daudi na udhaifu wake, kisha akauliza.

"Mzee Kingori, ni kweli uko na shea kwa Meri?"

"Ni kweli," alisema Kingori, akishangaa jinsi habari njema inavyotembea.

"Na uko na chumba?"

"Wiki moja tu kwa mwaka, mchungaji. Na mama Wacera nitaenda na yeye."

Mzee mmoja aliangusha Biblia. Ilichukua nusu saa kulitegua fumbo lile, na hata picha ya meli ilipozunguka mkono kwa mkono, baadhi yao walionekana kama watu walionyimwa kitu. Wakaamua kwamba, kwa kuwa waumini wameshakwazika, Kingori asihudumu kwenye meza ya Bwana mpaka jambo litulie. Alitoka akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa amehudumu pale tangu kanisa likiwa la nyasi.

Warigia alimngoja nje. Hakumwambia pole. Walitembea mpaka karibu na nyumbani, ndipo akauliza swali alilokuwa nalo tangu Jumanne ile.

"Hao wengine hamsini na mmoja ni akina nani?"

Kingori hakujua.

"Unajua nyumba yao? Unajua hata mmoja?" Warigia alisimama njiani. "Sisi wanawake tukiwa na ngwatio, tunalima shamba ya huyu leo, kesho ya yule. Wiki yangu ikifika wanakuja kwangu. Lakini nawajua. Najua nani mvivu, nani iko na mimba. Hii kitu yako ni ngwatio, Baba Wacera. Na hakuna ngwatio ya watu hawajuani."

Nawaambieni, kampuni za mawakili zingelipwa pesa nyingi kutamka jambo hilo, na zisingelitamka vizuri zaidi.

Akaanza kuwatafuta. Hakuwa na elimu, lakini alikuwa na soko. Kila siku ya soko aliuliza wanaouza na wanaonunua kama kuna mtu amesikia aliyenunua shea ya meri, na alivumilia vicheko. Wiki ya tatu, mwuza ngozi mmoja alimwambia kwamba Nanyuki yuko Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, anaitwa Hashi, aliyewaambia watu sokoni kwamba ana meli.

Walikwenda wote wawili. Hashi alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, mwenye lori la kubebea ng'ombe, na aliwapokea kana kwamba alikuwa akiwangoja. Aliwaketisha kwenye mkeka. Mkewe, Deeqa, alileta chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, akasimama karibu na mlango kusikiliza.

"Wewe ni mwenye meli mwenzangu," Hashi alimwambia Kingori, akafurahi kweli. "Karibu sana, mzee. Huyu bwana Mutahi aliniambia meli ikitoka Mombasa inatia nanga Jeddah. Mke wangu miguu inamsumbua, safari ya ndege anaiogopa. Nikasema, basi tutaenda kuhiji tukiwa tumelala kitandani."

Kingori aliitazama tena karatasi yake. Yeye hakuwa ameambiwa habari ya Jeddah.

Warigia aliomba karatasi ya Hashi. Aliiweka mkekani kando ya ile yao. Kiingereza kilichoandikwa pale hakukijua, lakini tarakimu alizijua kuliko mwalimu; miaka yote ile alikuwa akisimama mbele ya mizani ya kiwanda, akilinda kilo zake zisiibwe. Alipitisha kidole cheusi kwa utomvu wa kahawa juu ya karatasi ya kwanza. Kisha juu ya ile ya pili.

"Hii ni mia mbili na kumi na nne," alisema. "Na hii ni mia mbili na kumi na nne. Hapa thelathini na mbili. Hapa thelathini na mbili."

Nje ng'ombe walikuwa wakilia zizini.

"Labda ni chumba kikubwa," alisema Kingori, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua.

Deeqa ndiye aliyecheka kwanza. Alijifunika mdomo kwa mtandio, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba basi walale wanne, mama Wacera ukutani. Warigia naye akacheka bila kutaka, akacheka mpaka machozi, na wanawake wale wawili hawakuachana tena mpaka kifo. Waume zao walitazama sakafu.

Walipokuwa wakishuka kurudi Nyeri, mlima ukiwa wazi mkono wa kushoto, Kingori alimwambia mkewe kitu ambacho hakuwahi kumwambia. Alipopelekwa Ceylon akiwa askari katika vita vikuu vya pili, alisema, askari weusi waliwekwa chini kabisa ya meli, kwenye joto na matapishi, siku kumi na moja. Siku moja alitumwa juu kupeleka ndoo. Alipita mbele ya mlango uliokuwa wazi, akaona chumba chenye kitanda cha shuka nyeupe, na dirisha la duara, na ndani ya dirisha lile bahari yote, imetulia, kama picha. Mke wa ofisa alikuwa amelala pale akisoma kitabu. Alimwangalia Kingori, akanyoosha mguu, akasukuma mlango ukafungika.

"Nilisema nikioa, mke wangu atalala kwa hiyo chumba," alisema. "Si mimi. Wewe."

Warigia aligeukia dirisha la basi.

"Mimi naogopa maji," alisema. "Ungeniuliza."

Ofisi ya Mutahi, walipoifikia, ilikuwa na fundi cherehani ndani yake. Alikuwa amehamia wiki mbili kabla, na hakujua aliyemtangulia. Polisi waliandika maelezo, wakasema wataita. Rafiki wa Hashi aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa alituma habari kwamba meli ya picha ile ilipita mara moja mwaka uliopita, haikulala, na wenyewe hawajawahi kuuza chumba kwa mtu wa Nyeri.

Kwa hiyo Warigia akaendelea kuuliza sokoni mpaka akapata wengine tisa, akaitisha mkutano wa wanahisa. Kila kampuni ya shamba ilikuwa na mkutano wake wa mwaka. Hii nayo ingekuwa nao. Walikutana chini ya paa la soko la Karatina siku isiyo ya soko, nao walikuwa kumi na mmoja. Alikuwapo Wahome, mwenye machimbo ya mawe, aliyeambiwa kwamba ndani ya meli kuna daktari wa mgongo. Alikuwapo Wakonyo, mjane mkulima wa mpunga kutoka Mwea, aliyeambiwa kwamba wajane hupewa wiki ya pili bure. Kila mmoja alikuwa ameuziwa ndoto yake mwenyewe. Walitoa karatasi wakaziweka mezani. Chumba kimoja, wiki moja, mara kumi na moja.

Wanaume walikuwa na aibu, na aibu ya mwanamume huanza kwa kelele. Mmoja alitaka wakodi wakili. Mwingine alitaka Mutahi atafutwe mpaka Kampala. Kingori alisimama, akasema yeye ndiye mjinga kuliko wote kwa kuwa aliuza nyumba ya mkewe kabla haijajengwa, akaketi. Mtu mzima alilia mbele ya wageni.

Ndipo Warigia akasimama.

"Chumba hakuna," alisema. "Meri hakuna. Pesa imeenda. Lakini wiki iko. Wiki ya thelathini na mbili iko kwa kalenda, nimeangalia, ni mwezi wa nane. Hiyo Mutahi hawezi kubeba. Na nyinyi sasa nawajua. Basi tufanye ngwatio. Kila mwaka, wiki yetu ikifika, tunaenda kwa mmoja wetu, tunamfanyia kazi ile imemshinda. Tukimaliza watu kumi na moja, tumekula shea yetu."

Wakauliza wataanzia kwa nani. Ilikuwa Deeqa aliyejibu, kutoka nyuma, kwamba waanzie kwa aliyeuza mawe.

Wiki ya thelathini na mbili ya mwaka ule kulikuwa na baridi ile ya Agosti inayoingia mpaka kwenye meno, na ukungu haukuinuka Tetu mpaka saa tano. Jumatatu asubuhi lori la ng'ombe la Hashi lilipanda kilima likinguruma, limebeba mawe ya Wahome, magunia mawili ya mchele wa Mwea, mbuzi wanne, mafundi wawili, na watu waliojifunika mablanketi. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Watiri naye alitoka, akiwa ameshika kibakuli cha chumvi. Alikileta mpaka jikoni.

Meri wa supu alikuja siku ya pili na sufuria zake. Alisema kwa kuwa jina lake limetumika mwezi mzima bila malipo, anataka angalau kuiona hiyo nyumba yake. Hashi na watu wake walichinja mbuzi kwa njia yao, Meri akapika, na mchungaji alipopita kusalimu alikula bakuli tatu. Jumapili iliyofuata Kingori alirudi kwenye meza ya Bwana, na hakuna aliyesema lolote juu yake.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu. Kuta zilipanda haraka. Alhamisi fundi aliuliza dirisha la chumba cha kulala liwe la ukubwa gani, na Kingori akasema liwe kubwa, mama Wacera anataka mwanga. Warigia alikuwa akipita na ndoo ya maji. Aliitua chini.

"Weka ya duara," alimwambia fundi.

Fundi alisema hajawahi kuona dirisha la duara katika nyumba ya mtu mzima. Warigia alikwenda moja kwa moja kwa Hashi. Wakashusha ringi kuukuu la gurudumu la lori kutoka nyuma ya gari, fundi akalijengea ukutani akinung'unika, akazungushia saruji. Kingori aliona yote hayo akiwa juu ya ngazi. Alishuka, akaenda nyuma ya ghala la mahindi, akakaa huko mpaka chai.

Jumamosi, paa likiwa limefunikwa kwa mabati ya nyumba ya zamani, kitanda kiliingizwa. Warigia alitandika shuka nyeupe aliyoletewa na Deeqa. Kisha akavua gambuti, akalala juu yake mchana kweupe, mbele ya watu wote, akanyoosha miguu yake yenye matope makavu. Kingori alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Ingia," alimwambia. "Na uache mlango wazi."

Ngwatio ile ilizunguka miaka kumi na moja. Walimjengea Hashi birika la kunyweshea ng'ombe, walimchimbia Wakonyo mfereji, na mwaka wa saba walichanga wote, wakristo na waislamu, Deeqa akaenda Jeddah kwa ndege, macho ameyafumba njia nzima. Mutahi hakuonekana tena. Kahawa ilishuka bei, soksi zikatoboka, redio zikanyamaza moja moja. Kingori alifariki katika chumba kile, alfajiri, akiwa amegeukia dirisha.

Nyumba bado ipo. Ukipanda kutoka barabarani ukauliza, watakuelekeza kwa jina ambalo kijiji kiliipa wiki ile ya kwanza: Kwa Meri. Watoto wa siku hizi wanadhani aliishi hapo bibi wa jina hilo. Mwaka wake wa mwisho, Warigia alikuwa akiota jua mlangoni, na mgeni mmoja, ofisa kijana aliyekuwa akihesabu watu, alimwuliza huyo Meri aliyeachiwa nyumba nzuri hivi alikuwa nani.

"Ni mimi," alisema Warigia.

Ofisa akaandika.